Pumzi ya Marsiana

Lipangalala, Ifakara
25 Agosti 1997

Mwanangu Amedeus,

Marahaba, maana najua utaanza na shikamoo. Ukinijibu usinijazie ukurasa na "mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako." Mwenye hofu ni mimi. Umepewa zahanati ya Likuba peke yako, una miaka ishirini na sita, na shati uliloondoka nalo nimelipiga pasi mimi shangazi yako.

Ndani ya boksi la sabuni kuna bomba la plastiki lenye namba ubavuni. Ni kipimo cha pumzi. Mgonjwa anavuta hewa hadi mwisho, anafunga midomo kwenye bomba, anapuliza mara moja kwa nguvu zake zote. Kishale kinaruka, unasoma namba. Apulize mara tatu, uandike iliyo kubwa. Tumepewa mabomba manne tu. Ukilipoteza nakuja huko mwenyewe.

Sasa sikia. Nimechoka kupokea wodini watu waliomeza dawa za kifua kikuu miaka nenda rudi na makohozi yao hayajawahi kuonekana na mdudu. Kila anayekohoa ni kifua kikuu, asiyepona karogwa, basi, imekwisha. Wengi ni wanawake wa moshi, wapika pombe na wabanika samaki. Vifua vyao vinachakaa taratibu na hakuna aliyewahi kuwapima mara mbili. Fungua daftari. Mwenye kikohozi kisichoisha na makohozi safi mpe kadi, aje kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi apulize. Asiyekuja mfuate. Na kanuni ni moja: mgonjwa mlinganishe na yeye mwenyewe, si na jirani yake. Namba ya leo iangalie pamoja na ya mwezi uliopita.

Na ule, tafadhali.

Shangazi yako,
Digna


Zahanati ya Likuba
5 Septemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya. (Nimeshindwa kujizuia.)

Jana wamekuja kumi na mmoja. Wa kwanza aliliona bomba akagoma: pumzi yake ikiingia humo, nani atamrudishia? Ikabidi nipulize mimi mbele yao. Mzee Raimundi, mvuvi wa siku nyingi, akanitazama muda mrefu aone kama nitaanguka, kisha akasema, "Haya, tuandikeni." Wote wakapuliza.

Nataka nikueleze habari za mmoja. Anaitwa Marsiana, wa kambi ya wavuvi ya Utalo, ng'ambo ya mto. Alivuka kwa mtumbwi. Anabanika kambale kwenye banda lililozibwa pande zote ili moshi usitoke bure. Kadi yake ya zamani inasema ana miaka arobaini na tano. Ametibiwa kifua kikuu mara mbili, na mara zote mbili makohozi yalikuwa safi. Akisema maneno matatu anapumzika, lakini mdomo anao! "Mganga," ananiambia, "mimi nikiwa mzima, ungeniomba ninyamaze." Alipuliza mia moja na arobaini. Nimempa vidonge vya salbutamoli vya kufungua kifua na nimemwambia atoke kwenye moshi. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Anarudi Oktoba. Nimempenda sana yule mama, na nataka apone.

Wako,
Amedeus


Lipangalala
20 Novemba 1997

Amedeus,

Sina njia nzuri ya kulisema. Marsiana wako amefariki jana mchana wodini kwangu. Alifika na lori la samaki, amekaa juu ya matenga, bila barua yako wala ya mtu yeyote. Nilijua ni wako nilipokuta kadi kifuani pake, yenye mwandiko wako kama kuku amekanyaga wino. Septemba mia na arobaini, Oktoba mia na hamsini, Novemba hakuna kitu. Bila shaka alishindwa kutembea. Oksijeni ilikuwepo, mimi nilikuwepo, haikutosha. Nimemfumba macho kwa mkono wangu huu.

Kaka yake, Ignas, amemzika leo asubuhi Katindiuka, maana maji yamepanda na hakuna anayethubutu kuvusha maiti. Ameondoka na vitu vyake, yaani kanga mbili, rozari na ile kadi. Kadi aliiomba kwa adabu sana. Nikadhani anataka kumbukumbu, nikampa.

Mfute kwenye daftari. Kisha vuka Utalo ukawapime wote wanaoingia kwenye lile banda. Moshi hauchagui mtu. Usilie mpaka umalize kazi. Mimi nimemaliza, ndiyo maana nalia sasa.

Barua hii nampa dereva wa lori la mpunga.

Digna


Zahanati ya Likuba
5 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Tangu Agosti sijapata hata mstari kutoka kwako. Umenisusa?

Lakini kaa chini, nina habari. Marsiana! Yule wa mia na arobaini! Novemba hakuja, nikahesabu kwamba tumempoteza, na mtumbwi wa kumfuata sikuupata. Jana namwona anapanda ngazi za zahanati kwa miguu yake, kanga imefunika kichwa mpaka machoni, kadi mkononi. Amepuliza mia mbili na tisini. Nikamwambia arudie. Mia mbili na tisini tena.

Shangazi, nilimpigia makofi. Nilisimama mbele ya benchi zima nikasema, "Tazameni, huyu ndiye mfano wenu. Marsiana amepona." Amejaa hata usoni, ni kama amerudi ujana. Nikamuuliza amefanya nini. Akaninyooshea kadi. Kwa hiyo nikamwambia, "Chochote unachokifanya, endelea nacho hivyo hivyo." Vidonge nimepunguza nusu.

Ajabu ni kwamba benchi halikupiga makofi. Mzee Raimundi alitazama chini. Watu wa huku wana wivu, hata wa pumzi.

Amedeus


Zahanati ya Likuba
6 Machi 1998

Shangazi,

Shikamoo. Mvua haijakatika tangu Krismasi. Ukitoka zahanati hatua hamsini unakanyaga mto. Mchuuzi wa samaki, Bibiana, ana barua yangu ya Desemba mpaka leo, kazuiwa na maji. Hii nayo nampa yeye, zisafiri pamoja.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo linanitia baridi na sina wa kumwambia.

Siku za kliniki sasa haji mtu, isipokuwa Raimundi na wawili watatu wa jirani. Na Marsiana. Ndiye anayetoka mbali kuliko wote, na ndiye asiyekosa. Januari mia mbili sabini. Februari mia mbili thelathini. Jana mia moja na tisini. Anashuka kama ndoo kisimani, na dawa nimerudisha zote.

Lakini si namba tu. Hakai benchini mpaka waliokaa wajisogeze, na wakijisogeza wanaacha nafasi ya watu wawili. Raimundi, mwenye miaka sabini, anaanza yeye kumwamkia. Nilimuuliza Marsiana kama kile kikohozi cha alfajiri alichonieleza Septemba bado kipo. Akanitazama. "Hayo mwulize aliyekuwepo," akasema. Nikacheka, nikidhani ni utani wake wa zamani. Hakucheka. Yule mama aliyekuwa na mdomo haongei tena. Anaingia, anasema, "Nimekuja kupuliza ya Marsiana," anapuliza, anapokea vidonge kwa mikono miwili, anaondoka. Ya Marsiana. Namsikia kila mwezi, na kila mwezi najiambia ni lugha ya kambini.

Jana nilimshika mkono nipime mapigo. Ulikuwa wa moto na mapigo yanakimbia. Nakwambia hili kwa sababu nilikuwa nimeogopa kuugusa, na sijui kwa nini niliogopa.

Niambie la kufanya. Sitaki afe.

Amedeus


Lipangalala
28 Machi 1998

Amedeus,

Bibiana amefika leo na barua zako mbili pamoja. Nimezisoma nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti.

Je, hukupata barua yangu ya Novemba? Narudia. Marsiana wa Utalo alifariki tarehe kumi na tisa Novemba mikononi mwangu. Amezikwa Katindiuka. Nilimfunga taya kwa bandeji. Nani anapuliza kwenye daftari lako?

Nimeona waganga wengi katika miaka yangu thelathini. Wapo wanaokaa nyumbani mvua ikinyesha na kujaza daftari kwa kubuni. Wanajua mkaguzi anapenda namba. Sikudhani mtoto wa kaka yangu angekuwa mmoja wao, tena angempikia namba marehemu na kuzipamba kwa hadithi ya kanga na mkono wa moto. Nina aibu. Sijui nimwambie nini baba yako.

30 Machi

Barua imekaa mezani siku mbili, sijaifunga. Naendelea hapa hapa, ile aya ya juu siifuti, ujue hasira yangu ilifika wapi.

Mpika namba huzipika zipande. Hakuna mvivu anayejipikia aibu. Mia mbili tisini, sabini, thelathini, mia na tisini. Hizo si za kubuni, mwanangu, hizo nazijua, nimeziona kwenye vitanda. Na marehemu hapungui pumzi, amekwisha kuimaliza. Kuna mtu aliye hai huko anayekatika kifua, na anatibiwa kwa jina lisilo lake.

Usingoje Alhamisi. Vuka.

Nisamehe nikikuona.

Digna


Zahanati ya Likuba
17 Aprili 1998

Shangazi,

Shikamoo. Barua zako zote mbili zimenifikia wiki moja, ya Novemba imelowa mpaka wino umekuwa maua. Nimesoma mstari mmoja tu wazi, "nimemfumba macho." Ile ya Machi nimeisoma yote. Imeniuma. Tuyaache.

Alhamisi ya tarehe mbili hakuja mtu kupuliza ya Marsiana. Nilipopata barua yako nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Raimundi, nikamwomba mtumbwi.

Katikati ya maji nikamuuliza, "Mzee, unajua tunakwenda kwa nani?"

"Kwa Marsiana."

"Marsiana alikufa."

"Ndiyo," akasema, na kasia hakuliacha. "Na tunakwenda kwake."

Nikamwambia asinichezee. Akaniambia hanichezei, benchi lote lilijua. Kwa nini basi hamkunieleza? "Wewe uliuliza jina, mwanangu. Akakutajia jina lake."

Ignas alitupokea vizuri, akatupa kiti na uji. Ni mtu mpole, ndiyo kinachonisumbua. Akaeleza kama anayemweleza mgeni njia ya kisimani. Ukoo wao ndio wenye moto pale Utalo, na mwanamke anayeushika hafi. Akiondoka, jina linahamia kwa anayemfuata kabla jivu halijapoa, pamoja na mume, watoto, uchanja wa samaki na kila chake. Hata kadi ya kliniki, Shangazi. Mdogo wake marehemu, Sikitu, mwenye miaka thelathini na moja, alipewa vyote siku ile ile Ignas aliporudi kutoka Ifakara. Kadi iliandikwa Alhamisi ya kwanza, basi Alhamisi ya kwanza akaja. Hakuna aliyenidanganya. Ukoo mwingine wangesema hapana, hata Raimundi anauona ni ugeni, lakini kwao ni hivyo. Hakukuwa na matanga. "Amekufa nani?" Ignas aliniuliza kwa upole kabisa. "Aliyebaki Katindiuka ni Sikitu. Marsiana yupo ndani."

Alikuwa ndani kweli. Mvua imewazuia kutoa samaki, kwa hiyo wamebanika mfululizo miezi minne, banda limezibwa na mikeka juu ya mikeka. Niliingia, sikuona mkono wangu. Nikaita, "Marsiana!" Sauti ikaitika karibu na goti langu. Alikuwa ameketi chini, ameinamia magoti, midomo ina rangi ya zambarau, na binti wa marehemu, Careen, miaka kumi na minne, anamshikia kikombe na kumwita mama. Nikamtoa nje. Nikamuuliza taratibu, "Wewe ni Sikitu?" Akalia bila sauti. Akapuliza mia na thelathini.

Ignas hakutuzuia. Aliuliza tu nani atabaki na moto.

Nakuletea Sikitu, namsindikiza mwenyewe mpaka kivukoni, na barua hii anayo mkononi. Juu ya karatasi yake ya rufaa nimeandika SIKITU. Shangazi, nilimwambia aendelee hivyo hivyo. Mbele ya watu wote. Nilipunguza vidonge. Usimwache afe. Akifa, nitaacha kazi hii.

Amedeus


Wodini, Ifakara
20 Mei 1998

Kwa Mganga Amedeus,

Salamu. Naandika mwenyewe, niliishia darasa la saba, usicheke mwandiko.

Sijafa. Shangazi yako ni mkali kama pilipili ya shamba. Amenipa vidonge vyeupe vidogo na ile dawa ya kuvuta, ananipulizisha asubuhi na jioni. Mia na thelathini, mia na themanini, mia mbili na arobaini. Jana mia mbili na sitini. Anasema kifua changu kina pumu na moshi umeongezea, na sikuwahi kuwa na kifua kikuu. Mimi tangu utotoni nilikuwa nikihema kila masika, nyumbani wakisema nina uvivu.

Nimemuuliza, basi nikifika mia mbili tisini nitakuwa nimepona kama siku ile uliponipigia makofi? Akaleta karatasi yenye mistari, akanipima urefu ukutani, akaniwekea kidole. Mwanamke wa umri wangu anatakiwa apulize zaidi ya mia nne. Kwa hiyo siku ile nilikuwa tayari mgonjwa, Mganga. Nilikuwa mzima kwa namba ya dada yangu. Kwa yangu nilikuwa nimeshaanza kuzama.

Sikulaumu. Uliponiambia umepona, na mimi nilifurahi. Nilidhani dada amepona ndani yangu. Niliingia bandani siku hiyo nikiimba.

Jumapili Shangazi Digna alinipeleka Katindiuka kumwona. Kaburi lina msalaba wa mbao, Ignas aliuweka siku ya kuzika. Umeandikwa SIKITU. Nilisimama mbele ya jina langu, natafuta hewa. Shangazi alikuwa na rozari mkononi, aliacha kusali katikati. Leo amekwenda kwa fundi kuagiza msalaba mwingine.

Sasa nisikilize, hili ndilo lililonifanya niombe kalamu. Bibiana amepita wodini. Anasema nyumbani wameshanihesabu marehemu, kwa sababu nilivushwa maji kama dada na waliovushwa hawarudi. Jina wamempa Careen. Analala bandani, anageuza samaki, wazee wanamwamkia. Mimi nikirudi nitaitwa nani? Sikitu amezikwa, Marsiana ni mtoto wa miaka kumi na minne.

Alhamisi ya kwanza atakuja na kadi. Anakuja, namjua, yule ni mtiifu. Mganga, usimpulizishe kwa jina hilo. Chochote litakachosoma bomba, mtakilinganisha na mimi na mtamwambia ni mzima.

Sikitu

Hapa chini ni mimi, Digna. Nilikufundisha kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe, na karatasi ya umri na urefu nikaiacha kabatini, nikidhani itakuchanganya. Kosa ni langu kabla ya kuwa lako. Nakutumia karatasi hiyo, nyuma yake kuna ya watoto. Kuacha kazi futa, nani atakupokea? Kuanzia sasa kila anayekuja unamwangalia uso, unamuuliza ya mwezi uliopita, ndipo unampa bomba. Na usiitazame kadi kwanza.


Zahanati ya Likuba
6 Juni 1998

Kwa Sikitu,

Pokea salamu zangu, na umsomee Shangazi, maana barua hii ni yenu wote wawili.

Alikuja juzi. Nilimwona tangu gatini, kanga imemfunika mpaka machoni, kadi ameinyoosha mbele. Maji yamepungua, kwa hiyo benchi lilikuwa limejaa. Wakasogea, wakaacha nafasi ya watu wawili. Mzee Raimundi mwenyewe hakumwamkia, ila wengine watatu walisema shikamoo mama, kwa mtoto yule, na mtoto akaitikia marahaba bila kutabasamu.

Nikamuuliza jina. "Marsiana."

Karatasi ya Shangazi ilikuwa mezani. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, nimepanga maneno tangu Jumatatu. Yote yakanitoka. Nikafungua daftari ukurasa wa Septemba, nikaligeuza alione, nikasema kwa sauti ya kusikika nje, "Mgonjwa huyo sinaye. Marsiana alifariki Ifakara tarehe kumi na tisa Novemba. Sikitu yu hai, anapuliza mia mbili na sitini." Nikaandika mbele yake neno amefariki na tarehe, miezi saba baadaye.

Nikaogopa nimeharibu. Careen alilitazama lile neno muda mrefu, kanga ikamteleza begani.

"Mama amekufa?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Hakuna mtu aliyeniambia," akasema. Akaanza kulia, Sikitu, kilio cha msiba chenyewe, kile cha kugaagaa chini. Wanawake wa benchi walikaa hivi hivi kwanza, wakatazamana. Kisha mmoja akaja akakaa sakafuni karibu naye akaanza kulia pia, na mwingine, na mwingine, mpaka Raimundi akavua kofia akatoka nje. Matanga yalifanyika hapa, kati ya meza yangu na mizani ya watoto. Ignas aliitwa kutoka mtumbwini. Alisimama mlangoni, hakuingia, hakuondoka.

Kupima nikaahirisha. Mtu anayelia hawezi kupuliza.

Usiku huo Careen hakurudi Utalo, alilala kwa wajukuu wa Raimundi. Jana asubuhi alikuja mwenyewe akasimama kwenye ukuta nimpime urefu, akaniambia niandike Careen.

Amedeus